Dunia Haiingii Bila Miadi

Kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa Waraka Namba Moja wa Kurugenzi Kuu, umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, dunia haitaruhusiwa tena kuingia katika kampuni yetu bila miadi.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Nililibandika getini kwa mikono yangu, likakaa upande, nikalibandua na kulibandika upya. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kudhibiti Nguvu za Nje, na ninaandika taarifa hii ili kuweka mambo sawa, kwa sababu huko mitaani watu wamezoea kutia chumvi. Wapo wanaosema tulichanganyikiwa. Hatukuchanganyikiwa hata kidogo. Tulikuwa na muhuri.

Kampuni yetu inatengeneza simu iitwayo Upeo. Katika kila nyumba tatu za mji huu, mbili zina Upeo, na ya tatu inasubiri yake itoke kwa fundi. Hata hivyo mwaka huo mambo yalianza kwenda mrama, na Mkurugenzi Mkuu akaita mshauri. Mshauri akaja na kompyuta, kurunzi ndogo ya mwanga mwekundu na mchoro mmoja tu. Katikati ya mchoro kulikuwa na duara lenye jina la kampuni. Kulizunguka duara kulikuwa na mishale sita inayoelekea ndani: Siasa, Uchumi, Jamii, Teknolojia, Mazingira na Sheria.

"Hizi ndizo nguvu za nje," alisema mshauri. "Ziko juu ya uwezo wenu. Zinaifinyanga kampuni, mtake msitake."

Mkurugenzi Mkuu aliukodolea macho mchoro ule. Yeye ni mtu anayefikiri kwa mwili mzima. Akifikiri, kiti kinalia.

"Hii mishale," akauliza mwishowe, "inapitia wapi?"

"Kila mahali, Mkurugenzi."

"Kila mahali wapi? Hapa tuna ukuta pande zote nne. Geti ni moja."

Mshauri alimulika mchoro kwa kurunzi yake, akaizima. Miaka yote hiyo watu wanafundishwa mchoro ule vyuoni, na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, na mshauri akaanza kukunja waya zake.

Kamati iliundwa kabla ya chai. Mwongozo niliuandika kwa wiki mbili, vifungu ishirini na kimoja. Kwa kifupi, nguvu yoyote ya nje itafika getini, itasaini daftari la wageni, itajaza Fomu NN/1 nakala tatu, kisha itasubiri kwenye benchi lililo nje ya geti kwa siku thelathini za kazi mpaka Kamati ikae kuijadili. Kamati haitakaa bila Mwenyekiti kuwemo chumbani. Mwenyekiti ni Mkurugenzi Mkuu, na hakaimishi mtu. Mfanyakazi atatambuliwa kwa kitambulisho kilichomo ndani ya simu yake ya Upeo. Asiye nacho ni wa nje. Hicho cha mwisho ni kifungu cha saba. Nilikipenda sana kifungu cha saba kwa ufupi wake.

Mlinzi wa geti alikuwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Kampuni nzima humwita Mama Geti, maana yuko pale tangu geti lilipokuwa la mbao. Ni mjane mwenye binti mmoja, na binti huyo alikuwa amebakiza miezi sita kumaliza chuo cha uuguzi. Nilimpelekea daftari jipya na kumweleza majukumu yake.

"Kwa hiyo, shemeji," alisema akipekua kurasa, "Uchumi akija, nimwambie asaini?"

"Ndiyo."

"Ana sura gani?"

"Utamtambua."

"Na akija na gari?"

"Namba ya gari inaandikwa safu ya nne."

Aliniangalia kwa muda, kama anapima kama nina homa. "Haya," akasema, akafunga kalamu kwenye daftari kwa uzi ili isiibwe.

Wiki ya kwanza hakuna aliyesaini. Niliiarifu Kamati kwamba nguvu zote za nje zimedhibitiwa kwa asilimia mia moja. Tulipigiana makofi, na ni hapo Meneja wa Mauzo alipoinua mkono akiwa na sura ya mtu aliyefiwa.

"Mauzo yameshuka kwa nusu," alisema. "Bei za vitu zimepanda. Watu hawabadilishi simu tena. Kioo kikipasuka wanakibandika selotepu, wanaendelea kupiga."

"Huo unaousema ni Uchumi," alisema Mkurugenzi Mkuu. "Katibu, Uchumi amesaini?"

Nilifungua daftari. "Hajasaini, Mkurugenzi."

"Basi hajaingia. Na kama hajaingia, mauzo yameshukaje?"

Meneja alishusha mkono. Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika kwamba mauzo yamepumzika.

Mwezi huohuo nchi yetu na jirani zilikorofishana, mpaka ukafungwa, na malori yaliyobeba vioo vyetu yakakwama upande wa pili. Siasa nayo haikuwa imesaini. Kwa hiyo vioo vilihesabiwa kuwa vimefika, na kiwanda kikaagizwa kuendelea kuvipachika. Nilikwenda kujionea. Wafanyakazi arobaini walikuwa wamekaa kwenye mstari, wanachukua kioo ambacho hakipo, wanakifuta vumbi, wanakipachika. Mmoja alikishika vibaya, msimamizi akamkaripia kwamba ataacha alama za vidole. Nilirudi ofisini nimefarijika.

Nguvu ya kwanza kuja kwa miguu yake ilikuwa Sheria. Alikuwa karani mwembamba wa mamlaka ya biashara, mwenye mkoba wa ngozi na barua iliyotakiwa kukabidhiwa Mkurugenzi Mkuu mkononi. Barua ilisema kila simu inayouzwa ni lazima ifunguke kwa bisibisi ya kawaida, ili fundi yeyote aweze kuitengeneza. Upeo ilikuwa imefungwa kwa gundi ambayo sisi wenyewe hatukujua inatokaje. Karani alisaini daftari, akajaza nakala tatu kwa mwandiko wa kupendeza, akaketi kwenye benchi. Akawa anafika kila siku saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, na kwa kweli alikuwa na mahudhurio mazuri kuliko idara yangu nzima.

Siku ya tatu jua lilimchoma sana. Mama Geti akamwingiza kivulini, hatua mbili ndani ya geti, akampa kikombe cha maji. Mkurugenzi Mkuu aliona kila kitu kutoka dirishani.

"Shemeji, ni mtu yule," alijitetea nilipomwendea. "Na ninamjua. Tumekaa mtaa mmoja miaka mingi."

"Akiwa nyumbani ni mtu. Akiwa hapa ni Sheria."

"Alikuwa anakohoa!"

"Sheria ikikohoa, ikoholee nje."

Barua ya onyo la kwanza niliiandika mimi, akasaini Mkurugenzi Mkuu, kama kanuni inavyotaka. Ilisema: kosa, kuiingiza Sheria hatua mbili na kuipa maji. Nguvu ya nje haipewi maji. Aidha, mlinzi anakumbushwa kwamba kujuana si kitambulisho. Barua za pongezi zipo pia katika Mwongozo, kifungu cha kumi na tisa, na hizo husainiwa na Katibu peke yake, kwa sababu Mkurugenzi Mkuu alisema hana muda wa mambo madogo.

Kisha likaja joto. Sijui niliite joto gani. Lami ilishika viatu. Simu za Upeo zikaanza kuzimika; ukikaa nayo juani dakika ishirini, kioo kinaandika "Ninapumzika" halafu kinakuwa cheusi. Wateja wakafurika kwa fundi simu aliyekuwa ng'ambo ya barabara, aliyekaa chini ya mwavuli wenye nembo yetu. Yeye aliilainisha gundi kwa mashine ya kukaushia nywele, akabandua mgongo, akatoboa matundu mawili, simu ikapumua. Tulimtambua rasmi kama Nguvu ya Teknolojia Isiyosajiliwa. Kwenye nguzo iliyo mbele yake tukabandika kifungu cha kumi na mbili: simu iliyofunguliwa nje si simu ya kampuni. Fundi akaitumia nguzo ile kuning'iniza chaja.

Katika chumba cha mikutano, viyoyozi vilishindwa. Mkurugenzi Mkuu alitazama kipimajoto, kisha akanitazama mimi.

"Nani ameliruhusu hili?"

Nilimshushia shemeji yangu onyo la pili: kuruhusu Joto kuingia bila kusaini. Alilisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea.

"Shemeji, joto ningelishika wapi? Mkononi au shingoni?"

"Ungeliandika, angalau."

Basi akaandika. Ukurasa ule ninao mpaka leo. Jina: Joto. Anatoka: Juani. Anakwenda kumwona: Wote. Muda wa kuingia: Saa nne na robo. Muda wa kutoka: Bado.

Onyo la tatu ni kufukuzwa kazi. Kila mtu alilijua hilo, na mke wangu alilijua zaidi. Nilipofika nyumbani nilikuta sahani yangu mezani, baridi, haijafunikwa.

"Umemwandikia dada yangu barua kwa sababu ya joto?"

"Si mimi, mke wangu. Ni Kamati."

"Na Kamati inakula kwa nani?"

Niliivuta ile sahani baridi.

"Dada alinilea mimi baada ya mama kufariki. Mwanawe kabakiza miezi sita. Akifukuzwa, mtoto anarudi nyumbani, na wewe utakwenda kumweleza kwamba mama yake alishindwa kulikamata joto." Alichukua kitambaa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Kamati ikitaka chakula cha moto, ipashe yenyewe."

Nakiri niliona aibu. Kiongozi haruhusiwi kuona aibu bila idhini ya maandishi, lakini niliiona. Usiku ule sikukila kile chakula, na si kwa sababu ya ubaridi wake tu. Kesho yake nilimpelekea Mama Geti nakala yangu mwenyewe ya Mwongozo, yenye jalada gumu.

"Usome wote, shemeji. Ukiufuata neno kwa neno, hakuna mtu wa kukugusa."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Usimwonee mtu huruma."

Aliusoma wiki nzima pale getini, miwani puani, akipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Mara moja moja aliniita dirishani kuniuliza swali. Hakaimishi mtu, maana yake hakaimishi hata mtu mmoja? Hata mmoja, nilimjibu. Nilijisikia vizuri. Hakuna aliyewahi kuusoma Mwongozo wangu hadi mwisho, Mkurugenzi Mkuu akiwemo.

Halafu ikawadia siku ya uzinduzi wa bango. Bango lilikuwa juu ya geti, kwa herufi za chuma: NGUVU ZA NJE ZINAISHIA HAPA. Waandishi wa habari waliitwa. Mkurugenzi Mkuu alitoka nje hatua sita ili apigwe picha akiwa na bango nyuma yake, suti nyeusi, tai, saa sita mchana. Sisi wengine tulibaki ndani tukichungulia kwenye nondo, na geti likafungwa, kwa kuwa kifungu cha tatu kinasema geti lisikae wazi.

Alihutubia dakika arobaini, Upeo mpya mkononi juu ya kichwa chake. "Geti hili halina upendeleo!" alisema. "Asiye na kitambulisho hapiti hapa, hata awe baba yangu mzazi!" Tulipiga makofi. Kamera zikamulika. Akakata utepe, akageuka kwa tabasamu, akafika getini na kunyoosha simu yake ili kitambulisho kisomwe.

Kioo kiliandika "Ninapumzika" kikawa cheusi.

"Fungua," alisema Mkurugenzi Mkuu.

"Kitambulisho, bosi," alisema Mama Geti.

"Simu imezima. Si unaniona?"

"Ninakuona vizuri."

"Na unanijua!"

"Ninakujua sana, bosi. Miaka kumi na minane." Alitoa barua mfukoni, akaikunjua bila haraka. "Lakini hapa umesaini kwamba kujuana si kitambulisho."

Waandishi waliokuwa wameanza kufungasha vifaa vyao wakavifungua tena.

"Fungua, nimekwambia! Mimi ndiye ninayetoa amri hapa!"

"Hapa ni ndani. Wewe uko nje." Hakusema kwa kejeli. Aliikunja ile barua, akairudisha mfukoni. "Mimi nina maonyo mawili. Nikikufungulia, la tatu hili hapa. Nina mtoto chuoni, bosi."

"Nitakuandikia barua ya msamaha!"

"Barua za kutoka nje zinakaa siku thelathini za kazi."

Mkurugenzi Mkuu aliniona katikati ya nondo. "Katibu! Mwambie!"

Sasa hapa naomba msomaji atulie. Mfukoni mwangu nilikuwa na ufunguo wa akiba. Ningeweza kuutoa. Mkurugenzi Mkuu alikuwa ananitazama, jasho likimchuruzika kwenye tai. Shemeji yangu naye alikuwa ananitazama, na macho yake ni macho ya mke wangu hasa. Nilifungua Mwongozo wangu, nikajikohoza.

"Kifungu cha saba kiko wazi, Mkurugenzi," nilisema. "Na umekieleza vizuri sana katika hotuba."

Akasaini daftari. Angefanya nini, mbele ya kamera zile? Mama Geti alimwelekeza safu kwa safu kupitia nondo.

"Unatoka wapi?"

"Unaona ninapotoka!"

"Nje," aliandika. "Unakwenda kumwona nani?"

"Kamati. Mwenyekiti wa Kamati."

"Yupo ndani?"

Mkurugenzi Mkuu aliinua macho akalitazama bango. "Hayupo," akasema.

"Basi kaa hapo kwenye benchi."

Kwenye benchi alikuwepo karani wa mamlaka, siku yake ya ishirini na tisa. Alisogea kumpa nafasi. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile barua, na kwa heshima zote akamkabidhi Mkurugenzi Mkuu mkononi, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. "Saini hapa, mheshimiwa. Ukisaini, simu yako inafunguliwa kihalali." Akamwonyesha fundi aliye ng'ambo.

Mkurugenzi Mkuu aliomba maji kwanza. Mama Geti akamsomea ile barua ya onyo la kwanza, mstari wa nguvu ya nje na maji. Mkurugenzi Mkuu akamwita mchuuzi wa maji ya chupa.

"Bei imepanda, bosi," alisema mchuuzi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Wewe ulikuwa wapi?"

Akanunua. Akanywa. Akasaini barua ya Sheria kwa kalamu ya karani, akavuka barabara. Kwa fundi alipewa namba ya kumi na nne. Mbele yake alikuwa mama mmoja mwenye Upeo iliyofungwa selotepu kama mguu uliovunjika, naye alimuuliza kama simu hizi ni za kwao, na alipojibiwa ndiyo, akasema tu, "Mna roho ngumu nyie." Ilipofika zamu yake, fundi alitoboa matundu mawili na simu ikawaka.

Alirudi mbio, simu juu. Kitambulisho kilikuwepo, picha na kila kitu.

Mama Geti aliigeuza, akaona matundu. "Bosi," alisema, na nadhani alisikitika kweli, "simu iliyofunguliwa nje si simu ya kampuni. Kifungu cha kumi na mbili. Kimebandikwa pale kwenye chaja."

Jioni ile niliketi ofisini kwangu kuandika barua ya tatu ya shemeji yangu. Niliandika kwamba katika historia yote ya Kamati, hii ndiyo mara ya kwanza kwa nguvu ya nje kuzuiwa getini bila kuingia hata hatua moja, na kwamba mlinzi anapongezwa kwa uthabiti wake mbele ya vitisho. Nikasaini peke yangu, kwa kifungu cha kumi na tisa. Nikagonga muhuri mara mbili, kwa sababu nilijisikia. Nyumbani nilikuta chakula cha moto, kimefunikwa, na mke wangu akanionyesha ujumbe wa dada yake, mrefu, wenye kunitania kwa jina ambalo sitaliandika katika taarifa rasmi.

Kampuni inaendelea vizuri. Barua iliyosainiwa ilifika kiwandani karani alipotimiza siku zake thelathini, na Upeo sasa zinafungwa kwa skrubu nne. Wafanyakazi arobaini wamepumzishwa kupachika vioo ambavyo havipo, na Meneja wa Mauzo ameonekana akicheka. Yule fundi amepewa fomu ya maombi ya kazi, nakala moja tu.

Mkurugenzi Mkuu hufika kila siku saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi. Mahudhurio yake ni mazuri. Amebakiza siku kumi na tisa za kazi, na zikiisha Kamati itakaa kumjadili bila kuchelewa, mara tu Mwenyekiti atakapopatikana. Daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kuhakiki. Jina: Mkurugenzi Mkuu. Anatoka: Nje. Muda wa kuingia: Bado.